Wengu Huulizwa Nini

"Ami, bandama lipo leo?"

"Lipo, mwanangu. Ila siku hizi wanaolinunua ni wazee na wenye paka."

Ndivyo alivyonijibu muuza nyama wa mtaani kwetu, huku akilivuta kutoka nyuma ya maini: kipande kirefu, bapa kama ulimi, chenye rangi ya zambarau iliyoiva. Alipokiweka kwenye mizani kilivuja damu utadhani hakina nyama ndani. Na kweli, nyama yake ni haba. Hadithi iliyopokewa kwa Ibn Umar, ambayo wasomi wa fiqhi huitaja katika mlango wa vyakula, inahalalisha mizoga miwili, samaki na nzige, na damu mbili, ini na bandama. Itazame hesabu hiyo ilivyopangwa: bandama halikuwekwa kwenye fungu la nyama, limewekwa kwenye fungu la damu. Daktari wa damu wa leo hangeona kosa hapo. Kwa mtu mzima mwenye afya, theluthi moja hivi ya chembe sahani, vile vipande vidogo vinavyoziba tundu la mshipa damu isimwagike, huwa zimepumzika ndani ya bandama, au wengu kama wanavyopenda kuuita waandishi wa vitabu vya shule.

Kuna ugonjwa unaoligeuza pumziko hilo kuwa machinjio. Kinga ya mwili inakosea, inazidhania chembe sahani za mwenyewe kuwa wageni, inazibandika kingamwili. Zikipita kwenye wengu, chembe walaji zilizojipanga humo huziona zimetiwa alama na kuzimeza. Hesabu ya kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Mgonjwa huyu anaweza kushuka chini ya 10,000. Miguuni hutokea vidoa vyekundu kama vya ncha ya sindano, na ukivigandamiza kwa gilasi havifutiki. Fizi hutoka damu kwa kuguswa na mswaki tu, na hedhi hukataa kukoma. Paul Gottlieb Werlhof, tabibu wa Hanover, aliuandika mwaka 1735, na kwa muda mrefu Ulaya iliuita kwa jina lake. Tangu 2009 wataalamu wa mataifa mbalimbali wamekubaliana kuuita sugu ukivuka miezi 12.

Steroidi ndizo hutangulia. Zikishindwa, au mgonjwa akishindwa nazo, kuna jibu la zamani kuliko hizo: wengu utolewe. Kwa takriban theluthi mbili ya wanaotolewa wengu, chembe hurudi mahali pake, na wengine huishi hivyo miaka na miaka. Theluthi iliyobaki hupasuliwa, hushonwa, na hurudi nyumbani na vidoa vyao. Basi unamjuaje wa kundi hili na wa kundi lile kabla kisu hakijashika ngozi? Karibu kila nchi iliyolishughulikia swali hilo kwa dhati imeuuliza wengu jambo lake, na ukilisikiliza swali lenyewe utajua nchi hiyo inaudhania wengu kuwa kitu gani.

Mabishano kuhusu wengu yalianza kati ya miji miwili. Mwaka 1916, vita kuu vikiwa vinaendelea, mwanafunzi wa udaktari wa Praha aitwaye Paul Kaznelson alimshawishi mwalimu wake, Profesa Hermann Schloffer, amtoe wengu mwanamke wa miaka 36 aliyeteseka kwa ugonjwa huu. Schloffer hakuwa mtu wa kuogopa njia mpya. Mwaka 1907 alikuwa amekwisha kuifikia tezi iliyo chini ya ubongo kwa kupitia puani. Hoja ya Kaznelson ilikuwa ya kulinganisha: iko anemia ambayo wengu huvunja chembe nyekundu, na kuutoa husaidia, kwa nini usiwe unavunja na hizi nyingine? Chembe sahani za yule mama zilipanda.

Upande wa pili alikuwepo Erich Frank wa Breslau, mji ambao leo ni Wrocław ya Poland. Mwaka mmoja kabla, yeye alikuwa ameandika kwamba tatizo si uharibifu, ni utengenezaji: uboho wa mifupa hauzizalishi chembe za kutosha. Kwa Kaznelson wengu ulikuwa machinjio, na kwa Frank uboho ulikuwa kiwanda kilichozimwa. Mafanikio ya operesheni yaliupa upande wa Praha ushindi wa karibu karne nzima, na Frank, aliyekimbilia Istanbul mwaka 1933 na kufia huko mwaka 1957, hakuishi kuona hesabu ikifunguliwa upya. Ilifunguliwa mwaka 2008, zilipoidhinishwa Marekani romiplostimu na eltrombopagi, dawa zisizogusa wengu hata kidogo bali huusukuma uboho uzalishe zaidi. Zinafanya kazi. Yaani kiwanda nacho kilikuwa kimelegea, na wote wawili walikuwa wameshika sehemu ya kweli.

Katikati ya wawili hao kuna jaribio ambalo sidhani kama kamati yoyote ya maadili ingeliruhusu leo. Mwaka 1950, katika mji wa St. Louis, William Harrington alijitia mshipani damu ya mgonjwa wa ugonjwa huu. Ndani ya saa chache chembe zake sahani zilianguka hadi karibu na sifuri, vidoa vikamtoka mwilini, na alichukua siku kadhaa kurudi hali yake. Tangu hapo ikajulikana kuwa mharibifu yumo ndani ya damu yenyewe, na wengu ni mahali tu pa kutekelezea hukumu. Ndipo likazaliwa swali la utabiri: kama hukumu hutekelezwa mahali zaidi ya pamoja, utajuaje mgonjwa huyu zake zinafia wapi?

Ufaransa ililichukua swali hilo kwa maana yake ya juujuu kabisa: wapi? Katika hospitali ya Saint-Louis ya Paris, Yves Najean na wenzake walimtoa mgonjwa damu, wakazitenga chembe sahani, wakazitia indiamu 111, madini yenye mnururisho mdogo ambao nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya siku tatu hivi, kisha wakazirudisha mwilini mwake. Halafu mgonjwa alilazwa chini ya kifaa cha kuhesabia mnururisho: kwanza juu ya moyo, kisha juu ya ini, kisha juu ya wengu. Kesho tena, na keshokutwa tena. Nakiri nimevutiwa na utulivu wa njia hii. Hakuna kinachokatwa, hakuna dawa inayojaribiwa. Ni kuzisindikiza chembe za mtu mmoja hadi zinapofia na kuandika namba. Ikiwa mnururisho unalundikana upande wa kushoto, chini ya mbavu, basi wengu ndio mla. Ukilundikana kulia, ni ini. Ukitapakaa pande zote, ni mchanganyiko. Taarifa yao ya mwaka 1997 ilihusu wagonjwa 578, na 268 kati yao walitolewa wengu. Waliokuwa na uharibifu wa wengu peke yake walifanikiwa, mwanzoni walau, kwa zaidi ya tisa katika kila kumi. Wa ini na wa mchanganyiko wengi waliambulia patupu. London walifuata njia hiyohiyo, na matokeo yao ya mwaka 2010 yakaelekea upande uleule.

Mwaka huohuo wa 1997, ng'ambo ya Atlantiki, madaktari wa Hamilton katika jimbo la Ontario walitoa jibu lisilohitaji kamera. Wao waliuangalia mwenendo. Imunoglobulini, ule mchanganyiko wa kingamwili za maelfu ya wachangiaji damu ambao Paul Imbach wa Bern alionyesha mwaka 1981 kuwa huwapandishia watoto chembe sahani, inadhaniwa huziba midomo ya chembe walaji. Wakajiuliza: kama chembe sahani hupanda midomo ikizibwa, je, hazitapanda midomo ikiondolewa kabisa? Wakawafuatilia wagonjwa 30, na kweli walioitikia dawa ndio walioitikia kisu. Hoja ni safi kama jibu la hesabu. Bahati mbaya wengine waliojaribu kuirudia katika miji mingine hawakupata jibu lilelile, na leo hakuna anayeitegemea peke yake.

Hebu zipangwe sambamba. Paris inauliza wengu uko wapi katika mkasa huu. Hamilton inauliza wengu ulifanya nini jana ulipojaribiwa. Ya kwanza inauona kama mahali, ya pili kama tabia. Njia ya Kifaransa inataka maabara ya mnururisho, fundi aliyezoea, na mgonjwa anayeweza kurudi hospitali siku kadhaa mfululizo. Haiombi chochote kwa mwili wake zaidi ya kungoja. Ile ya Kikanada haitaki mashine, inataka dawa ya bei kali, na inachukulia kwamba yaliyotokea kwa siku chache za dawa yatatokea kwa miaka ya maisha bila wengu. Ukinilazimisha nichague, ningeegemea kamera, kwa kuwa imethibitishwa kwa watu wengi zaidi. Lakini naelewa kwa nini hata Ulaya kwenyewe hospitali nyingi hazina huduma hiyo.

Kisha wakaja watu wa Oklahoma, wenye tabia ya tatu: hawakuuliza wengu wowote, waliuliza rundo la makaratasi. Kiarash Kojouri, James George na wenzao walikusanya taarifa 135 zilizochapishwa tangu 1966, wakahesabu watu wazima 2,623 na kukuta 1,731 kati yao, yaani asilimia 66, chembe zao zilirudi sawasawa. Wakazipitia dalili zote zilizowahi kupendekezwa: umri, jinsia, muda wa ugonjwa, mwitikio wa steroidi. Hukumu yao ya mwaka 2004 ilikuwa kavu: hakuna dalili ya kabla ya operesheni inayotabiri kwa uthabiti. Iliyojitokeza mara nyingi kuliko nyingine ilikuwa ujana, jambo ambalo bibi yeyote angekuambia bila kusoma taarifa hata moja. Dalili moja ina nguvu kweli, nayo ni jinsi chembe zinavyopaa katika siku chache baada ya wengu kutoka. Huo nao ni utabiri wa mvua ukiwa umeshalowa.

Kwa nini kisu hukosea kwa wengine, hilo limeanza kueleweka. Maabara ya Toronto ilionyesha mwaka 2015, kwa majaribio ya panya, kwamba kingamwili za aina fulani hazihitaji chembe walaji za wengu hata kidogo. Zinazinyofoa chembe sahani sukari ya kwenye ncha zake, na ini lina mkono wake maalumu wa kuzikamata zilizonyofolewa. Mgonjwa wa namna hiyo ukimtoa wengu umebomoa nyumba ya jirani wakati mwizi yuko kwako.

Japani ina swali lake pia, nalo halikupitia kwa wengu kabisa. Waitaliano ndio walioanza kulisema mwaka 1998: baadhi ya wagonjwa wakitibiwa helikobakta pailori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo, chembe zao hupanda. Waliolishika kwa mikono miwili ni Wajapani. Huko zaidi ya nusu ya wenye bakteria huyo waliitikia katika tafiti nyingi, na mwaka 2010 bima ya afya ya taifa ikakubali kulipia tiba hiyo kwa ugonjwa huu. Marekani matokeo yalikuwa hafifu. Ugonjwa uleule, antibiotiki zilezile, majibu mbalimbali. Kwa hiyo daktari wa Osaka, kabla hajafikiria kisu wala kamera, anaanza na tumbo, wala hapotezi muda wake.

Kuuendea wengu si jambo la karne ya 20, ila si wote wa kale walioona lazima kuutoa. Pliny wa Roma aliandika kuwa wengu humzuia mkimbiaji, na Talmudi inawataja watumishi wa mwanamfalme Adonia waliotolewa bandama ili wakimbie mbele ya gari lake. Al-Zahrawi wa Kurtuba, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliweka katika kitabu chake cha upasuaji mlango wa kuchoma bandama kwa chuma cha moto juu ya ngozi. Na katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki daktari anapomfunua mtoto shati hukuta ubavuni kushoto safu ya alama za chale, ndogo ndogo, zimepangwa sawasawa. Kuna wanaozicheka. Mimi huziona kama ramani: aliyezichanja alikuwa amekwisha kupapasa, akaujua mpaka wa uvimbe, akachanja pale pale penyewe. Tabibu wa Kurtuba na mganga wa kijijini walikubaliana na Paris katika jambo moja kubwa, kwamba swali la kwanza ni mahali. Walitofautiana nayo katika la pili: wao walitaka kuutuliza wengu ubaki, Paris inataka kujua kama uondoke.

Hapa ndipo kwetu panapotengana na kwao. Tangu miaka ya 1840, daktari T. E. Dempster alipoyapapasa matumbo ya wanavijiji wa India akitafuta ukubwa wa malaria kwa kuhesabu mabandama yaliyovimba, wengu wa nchi za joto umekuwa kipimo cha nchi yenyewe. Mtaalamu wa Paris anaanza na kamera, wa Mwanza anaanza na mkono. Na mkono huo unatabiri jambo ambalo kamera haikuundwa kulitabiri. Katika ugonjwa wa kinga tunaouzungumzia, wengu kwa kawaida haukui. Ukiupapasa ukaukuta umeshuka hadi kitovuni, chembe zinazokosekana zinaweza kuwa zimefichwa tu na wengu mkubwa, na mkosaji akawa malaria ya mara kwa mara au kichocho cha tumbo kilichokwisha kuharibu ini, kama kinavyofanya Kanda ya Ziwa. Ulaya uvimbe wa namna hiyo ni nadra, ndiyo maana majedwali yao ya utabiri huanza hatua moja mbele ya pale tunapoanzia sisi.

Tofauti ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 1952 Harold King na Harris Shumacker wa Indianapolis walieleza habari za watoto wachanga waliotolewa wengu kisha wakapatwa na maambukizi makali ya damu. Kuanzia hapo dunia ikajua kuwa asiye na wengu ni mtu aliyeondolewa mlinzi. Kwa hiyo hupewa chanjo za nimonia na za homa ya uti wa mgongo, ikiwezekana wiki mbili kabla ya operesheni, na wengine hupewa penisilini ya kuendelea nayo. Somo hili Tanzania inalijua bila kupasua mtu, kwa sababu watoto wenye selimundu wengu wao hunyauka wenyewe wakiwa wadogo. Mama wa mtoto wa selimundu anajua kuwa homa haingoji asubuhi.

Na kuna malaria. Wengu ndio huchuja chembe nyekundu zenye vimelea, na hata dawa ikishaviua vimelea, wengu ndio huzisafisha chembe hizo mabaki yake. Ukiondoka, mabaki hayo huendelea kuonekana kwenye hadubini siku nyingi. Huko Timika, Papua, watafiti waliochunguza wengu zilizotolewa, nyingi kwa sababu ya ajali, walieleza mwaka 2021 kwamba watu wasio na dalili yoyote walikuwa wamevificha vimelea ndani ya wengu kwa wingi kupita vilivyokuwa kwenye damu. Mlinzi na kichaka ni kimoja. Mfaransa anayemwambia mgonjwa wake wa miaka 25, ambaye wengu ndio mla, kuwa ana nafasi tisa katika kumi anasema kweli kwa Paris. Maneno hayohayo yakisemwa Kigoma yamekamilika nusu.

Upasuaji wenyewe si wa kutisha kama zamani. Tangu Delaitre wa Paris alipoeleza mwaka 1991 kuutoa wengu kwa matundu madogo, vifo vimepungua; katika hesabu ya Oklahoma vilikuwa asilimia 1.0 kwa tumbo lililofunguliwa na 0.2 kwa matundu madogo. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2019 umeongeza tahadhari nyingine: usikimbilie kisu kabla ya mwaka mmoja kupita, maana wako wanaopona wenyewe. Kungoja huko, kwa Marekani, hufanyika kwa msaada wa dawa za kusukuma uboho, ambazo hazitolewi mara moja zikaisha. Huku, ambako dozi ya mwezi inaweza kuuzidi mshahara, kisu kinachofanywa mara moja kina mvuto ambao mwandishi wa mwongozo hakuwa na sababu ya kuufikiria.

Ndiyo maana maswali ya daktari wa huku, akiwa na karatasi ya maabara mkononi na mgonjwa mbele yake, yanasikika mageni kwa aliyezoea vitabu vya kwao. Anapapasa ubavu wa kushoto. Anauliza umri. Anauliza kama steroidi ziliwahi kuipandisha hesabu, na hadi ngapi. Halafu anaiweka karatasi mezani.

"Dada, unalala ndani ya chandarua?"

"Nalala, daktari."

"Chanjo hizi nitakazokuandikia utazipata huko kwenu, au tukuchomee hapahapa kabla hujaondoka?"

"Hapahapa."

"Sawa. Na ukishikwa na homa saa nane za usiku, hapo kwenu nani ana gari?"

Dada anafikiri. Jirani wa tatu ana pikipiki, anasema, ila anarudi usiku sana, na wakati mwingine harudi.

Daktari anaandika.